Uliza Fundi: Mvua ya mawe imepita, sasa mabati yote yatolewe?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kule juu kwa baridi, na yote ni ya mvua ya mawe. Nimechagua manne nikayajibu kwa urefu vile naona yanafaa, kuna moja nimekaa nayo sana juu iliniuma.

Habari Fundi. Tuko Elburgon. Mvua ya mawe ilitupiga jioni karibu nusu saa hadi uwanja ukawa mweupe. Mabati yetu ni ya korugeti geji 32, tuliezeka 2014. Kesho yake asubuhi kijana akapita na pikipiki akasema ni fundi, akapanda, akashuka akisema mabati yote yameisha tubadilishe nyumba nzima na anataka dipositi leo leo. Ndani panavuja pahali patatu. Nimpe? — Mama wa Elburgon

Mama, pole sana, na hapana, usimpe. Kama umeshampa kitu kidogo basi usiongeze hata shilingi. Nyumba inayovuja pahali patatu ina shida pahali patatu, ama hata pahali pamoja tu, haina shida kila mahali. Mamangu mzazi alifanyiwa hivyo hivyo Kuresoi, mtu akapanda dakika tano akashuka na hesabu ya mabati 40, mama akatoa pesa ya viazi ya msimu mzima na huyo mtu hajaonekana tena mpaka wa leo, na mimi nilipoenda kuangalia nikakuta ni misumari tisa imepanda. Misumari tisa! Ndio maana nakuomba polepole.

Kuna kitu watu wengi hawajui: jiwe la mvua mara chache sana linatoboa bati. Linaacha kishimo, bati inabonyea, na ukiangalia asubuhi jua likiwa chini unaona vishimo kila mahali mpaka unaogopa. Lakini bati iliyobonyea bado inamwaga maji. Kinachovuja ni kile kilikuwa kibovu kabla ya mawe kuja. Mawe yanapiga, bati inatikisika nusu saa nzima, na ule msumari ambao mpira wake ulikauka kwa jua miaka kumi sasa unalegea, kofia inainuka kidogo tu kama unene wa shilingi na hapo ndipo maji yanapita. Alafu barafu ikijaa kwa gata maji hayana pa kwenda, yanarudi nyuma chini ya mabati yanaangukia kwa ukuta. Ukiona unyevu uko kwa pembe ya ukuta na silingi, shuku gata kabla hujashuku bati.

Jinsi ya kukagua bila kupanda juu: mchana jua likiwaka, ingia juu ya silingi, kanyaga mbao peke yake usikanyage silingi yenyewe, funga pale unaingilia alafu zima tochi. Kaa kimya dakika mbili macho yazoee. Kama kuna tundu utaliona kama nyota. Weka alama na chaki kwa mbao iliyo karibu. Kama huoni nyota hata moja na bado panavuja, basi maji yanapita kwa misumari ama kwa pale bati zinapopandana, na hayo utayafuata kwa alama ya maji kwa mbao, ile rangi ya chai. Kumbuka maji hayaanguki pale yalipoingilia, yanateremka na mbao hata mita mbili ndio yadondoke, kwa hivyo fuata alama ukipanda kuelekea juu ya paa mpaka iishe.

Sasa tafuta fundi anayejulikana hapo kwenu, mwambie asimame na wewe umwonyeshe alama zako. Misumari iliyolegea isigongwe tena kwa tundu lile lile, hilo tundu limeshapanuka na mvua ya pili itaing'oa. Itolewe, iwekwe skrubu ya paa yenye mpira, nene kuliko msumari wa zamani, na iingie kwa kilima cha bati sio kwa bonde. Bonde ndio mto wa maji, ukitoboa hapo umetoboa ndoo yako mwenyewe, na nimeona nyumba nyingi sana zimepigiliwa kwa bonde juu ni rahisi kupiga. Tundu dogo la kutu linawekwa kiraka cha bati ile ile na silanti ya paa, ile gundi ya kuziba maji, chini yake na riveti pembeni. Sio sabuni ya kipande, sio lami peke yake. Lami inapasuka na jua la Januari, na ikishapasuka inaficha maji chini yake na bati inaoza bila wewe kuona.

Utajua bati imeisha kweli ukiisukuma na kidole gumba ikazama ama ikavunjika, ama kutu imetoka kwa misumari ikaungana mstari mzima, ama mawe yamepinda pale zinapopandana mpaka unaona mwanya. Hizo badilisha, hizo peke yake. Na ukinunua mpya, mama, nunua geji 30 ama 28. Namba ikishuka bati inakuwa nene, watu wengi wanadhani ni kinyume, na duka zingine zinawaacha tu wadhani hivyo.

Kitu ya mwisho kwako, kama maji yanapita karibu na taa ama waya, zima meni swichi kabla ya hayo mengine yote. Hata kama ni usiku. Kaeni na mshumaa.

Fundi, nimejenga Kiamunyi hapa Nakuru, nyumba ya kisasa ile paa haionekani, ukuta umepandishwa juu unazunguka. Mvua ya mawe ilikuja, ikaisha, na SAA MOJA baadaye jua limeshatoka ndio maji yakaanza kumwagika kwa bedroom yanateremka na ukuta. Fundi wa kwanza anasema ni mabati. Ni mabati kweli? — Baba wa Kiamunyi

Ndugu yangu umejijibu mwenyewe na hiyo saa moja. Kama ingekuwa bati ingevuja mvua ikinyesha. Maji yaliyokuja baada ya mvua ni barafu iliyoyeyuka.

Hizi nyumba za paa kujificha zimejaa sasa, kuanzia Kiamunyi mpaka upande wa Njoro, zinapendeza sikatai, lakini nina wasiwasi nazo mahali penye mawe na nitasema wazi. Paa la kawaida barafu inateleza inaanguka chini kwa maua na maneno yanaisha. Paa lako barafu inateleza inaingia kwa gata iliyo ndani ya ukuta, na hiyo gata ina tundu moja ama mbili za kutoa maji zenye upana wa paipu ya inchi tatu. Barafu inaziba tundu, ile iliyo juu inayeyuka, maji yanapanda yanapanda mpaka yanavuka ukingo wa gata upande wa ndani, na upande wa ndani ni bedroom yako. Na uzito pia ufikirie: maji yakisimama sentimita 10 tu, kila mita mraba moja ni kilo 100. Hizo ni mbao zako zinabeba.

Fanya hivi. Kwanza toboa ovaflo kwa ule ukuta wa nje, yaani tundu la dharura, na hapa ndio mafundi wanakosea: lazima liwe CHINI kuliko ukingo wa ndani wa gata. Likiwa juu ya huo ukingo ni pambo tu, maji yatakuwa yameshaingia kwako kabla hayajalifikia. Liwe pana, mstatili, sio kipaipu. Maji yakimwagika nje mbele ya mlango utakasirika lakini utajua gata imeziba, na ukuta wako utabaki mkavu. Pili, ongeza paipu za kushuka, usiwe na moja kwa gata ndefu, na uweke za inchi nne. Tatu, kama kuna wavu uliolazwa juu ya tundu utoe, wavu uliolala unashika barafu na majani unakuwa kifuniko, weka wa kusimama kama kikapu kilichogeuzwa, barafu ikizunguka chini maji yanaingilia juu. Nne angalia kama bati ya gata imeingia chini ya mabati ya paa vya kutosha na imekunjwa kwenda juu, nataka inchi sita nikipata, na nyingi nimekuta mbili.

Alafu siku mawe yakianguka tena usimtume kijana na jembe apige barafu. Jembe linapasua gata ama ile membreni ya lami, yaani tandiko la kuzuia maji, na hapo umejinunulia shida mpya. Sufuria ya plastiki ama kizolea taka, mtu azoe akiwa amesimama kwa ngazi iliyofungwa, mvua na radi zikiwa zimeisha kabisa. Na gata isafishwe Februari kabla ya mvua ndefu ya Machi, na tena Septemba.

Mimi ni mwalimu Nandi Hills. Huku mawe ni kawaida yetu, wageni hushangaa. Ni kweli tunapigwa kuliko pahali pengine? Na nataka kuweka sola kwa paa, si itapasuliwa? — Mwalimu

Mwalimu ni kweli kabisa. Eneo lenu na Kericho linatajwa duniani kote kwa mvua ya mawe, Kericho imewahi kuandikiwa siku 132 za mawe kwa mwaka. Upepo wenye unyevu unatoka Ziwa Victoria mchana, unapanda milima, unakutana na upepo wa mashariki, mawingu yanasimama marefu sana na kufika saa tisa saa kumi yanamwaga. Na kwa sababu nyinyi mko juu, karibu mita 2,000, jiwe halipati muda wa kuyeyuka kabla lifike chini kama linavyoyeyuka likielekea Kisumu. Makampuni ya chai yalihangaika nayo mpaka miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa kupuliza dawa ya aidaidi ya fedha kwa mawingu. Mawe yenu mengi ni madogo, kama mbaazi kama mahindi, yanamaliza majani ya chai lakini bati nzuri yanaiacha.

Kwa hivyo sola weka. Paneli iliyopita majaribio ya kimataifa ya IEC 61215 imepigwa na mipira ya barafu ya milimita 25 ikienda mita 23 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 83 kwa saa, na haikuvunjika. Uliza duka wakuonyeshe hiyo namba kwa karatasi ya paneli, wakikwepa toka. Ile ya kuniogopesha ni hita ya maji ya mirija ya glasi, hiyo mahali penu chagua ile bapa yenye kioo kigumu. Na ogopa zaidi zile bati za plastiki za kuleta mwanga jikoni. Jua linazikausha, baada ya miaka michache zinakuwa kama ganda la yai, na ndizo za kwanza kutobolewa, kila nyumba niliyoenda huko. Kagua hizo kwanza, na mtu asikanyage hapo hata siku moja akiwa juu, haijalishi ni mwepesi aje.

Fundi akipanda kuweka sola akanyage mstari wa misumari, hapo chini kuna mbao. Na kila mguu wa fremu unaotobolewa kwa paa uwe na mpira na silanti, nimeona paa zilizoshinda mawe miaka ishirini zikavujishwa na sola ya siku moja.

Niko nyumba ya kupanga Kakamega, ploti ya vyumba vinane. Mawe yalifanya paa livuje kwa kitanda cha mtoto, landlodi anasema hiyo ni kazi ya Mungu nijirekebishie. — Mpangaji

Dada, mvua ni ya Mungu lakini paa ni la landlodi. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema pale mtu amepangisha sehemu tu ya jengo, kutunza paa na kuta kubwa za nje ni jukumu la mwenye nyumba. Chumba kimoja kati ya vinane ni sehemu ya jengo. Mwandikie kwa SMS ama WhatsApp sio kwa mdomo, taja siku mvua ilinyesha, tuma picha ya silingi, ya kitanda, na video maji yakidondoka kama unayo. Ongea na hao wengine saba, nina uhakika sio wewe peke yako unavujiwa, na ujumbe wa watu wanane hausomwi kama wa mtu mmoja.

Na muulize hilo paa ni la nini. Kama ni zile bamba za zamani za kijivu, nzito, zinafanana na simiti, inaweza kuwa asbesto, na hiyo kanuni za taka za 2006 zimeiweka kwa taka hatari. Isitobolewe, isisuguliwe, isivunjwe na kijana wa mkono bila kinga, vumbi lake linakaa kwa mapafu miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa. Kuitoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya taifa. Kama mawe yameivunja na vipande viko uwanjani, mwagia maji visitoe vumbi, watoto wasicheze hapo, na wewe usifagie. Kitanda cha mtoto kihamishe leo, usingoje jibu la landlodi.