Tundu la Mrija wa Tumboni: Spiriti Haifai

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu anafanya dayalisisi ya tumbo nyumbani (figo zimeshindwa, damu husafishwa kwa maji yanayoingizwa na kutolewa tumboni kwa mrija), na huu ni mwezi wake wa tano. Pale mrija unapotokea pana wekundu kidogo na gamba. Mimi hupasafisha kwa spiriti na kubandua gamba. Niko sawa? Na je, aoge vipi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Acha spiriti kuanzia leo, na gamba liache lidondoke lenyewe. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza nyama changa iliyozunguka tundu, na gamba likibanduliwa hubaki kidonda kibichi. Hapo ndipo bakteria wa ngozini na puani, hasa stafilokoka, wanapopenya na kufuata mrija hadi ndani ya tumbo.

Kila siku nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Kabla ya kugusa chochote, tazama kwenye mwanga mzuri, kisha bonyeza taratibu juu ya ngozi ambako mrija umepita, ukielekea tunduni: panauma? Panatoa kitu? Safisha kwa dawa mliyopewa kliniki, ukianzia tunduni kwenda nje, na shashi iliyokwisha kupita usiirudishe. Kausha vizuri, kwa maana unyevunyevu hulainisha ngozi na kulea vijidudu. Kisha paka dawa ya kuzuia maambukizi mliyoandikiwa, mara nyingi ni mupirosini, utando mwembamba tu kuzunguka tundu. Kabla ya kubadili aina yake muulize muuguzi: mirija ya poliyurethani, aina ya plastiki, huharibiwa na mupirosini iliyochanganywa na kemikali iitwayo polietilini glikoli.

Funika kwa shashi safi, kisha bana mrija ngozini kwa plasta, ukifuata uelekeo wake na ukiacha ulegevu kidogo. Jambo hili hupuuzwa sana, na linaniuma, kwa sababu mrija ukivutwa mara moja tu huweza kuchana tundu ndani kwa ndani. Fundo la kanga lisikae juu yake. Mkasi usikaribie kabisa.

Kuoga kwa ndoo na kopo ni sawa ikiwa tundu limepona na kliniki imeruhusu: maji yatiririke, asikae ndani ya beseni. Akimaliza, safisha tundu na badilisha shashi papo hapo. Baharini asiingie bila ruhusa ya kliniki.

Wekundu peke yake hauthibitishi maambukizi, lakini kwa kuwa upo, mpeleke mama atazamwe wiki hii. Ukiongezeka, pakivimba au pakiuma, usingoje. Usaha ni maambukizi hata kama hapaumi. Usikimbilie kununua antibiotiki dukani: kipimo cha usaha kichukuliwe kwanza, maana dawa ikitangulia huenda kidudu kisionekane. Muda wa matibabu hutegemea kidudu: sudomonasi, aina nyingine ya bakteria, huhitaji dawa nyingine na muda mrefu zaidi kuliko stafilokoka.

Maji yanayotoka tumboni yakiwa na ukungu, au tumbo likiuma, au homa ikipanda, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na mchukue mfuko wa maji hayo ukapimwe.