Usitume hiyo bahasha kesho. Faili I-130 ya mwanao mtandaoni usiku huu

Usiitume. Kama umeshaifunga, ifungue. Kama umeshaiacha kaunta ya FedEx, rudi ukaichukue kabla gari halijaondoka. Mengine tutaongea baadaye.

Nimesoma swali lako mara mbili. Umeapa uraia mwezi uliopita huko Minnesota, kijana wako yuko Kisauni, Mombasa, na zimebaki siku 23 atimize miaka 21. Unauliza fomu I-130 yake, ile ya kumwombea ndugu aje Marekani, uitume wapi, kama unahitaji wakili, fomu ya udhamini inaingia lini, na mahojiano ya Nairobi huchukua muda gani. Halafu katikati ya maswali hayo umepitisha sentensi moja kama jambo dogo: kwamba jamaa yako amekupa sanduku la posta la Chicago alilotumia yeye 2021, na kesho asubuhi unaituma bahasha kwa FedEx, hundi ikiwa ndani.

Ndugu yangu, sentensi hiyo ina makosa matatu. Mawili niliyafanya mimi, na anayeyalipa mpaka leo ni mwanangu.

Niliapa uraia Julai 2022. Binti yangu yuko Kilifi, na alikuwa atimize miaka 21 tarehe 14 Septemba mwaka huohuo. Nilikuwa na kadi ya kijani miaka kadhaa kabla ya hapo na ningeweza kumwombea tangu wakati huo, ila niliambiwa nisubiri uraia, eti ndiyo njia fupi. Aliyeniambia ni mwenye duka moja hapa mjini kwetu. Anajaza watu kodi, anatuma pesa nyumbani, anauza unga wa sima, na kwa dola 350 anakujazia makaratasi ya uhamiaji. Si wakili. Ukutani amebandika picha za watu waliopata kadi, na mimi picha zile zilinitosha.

Alikaa na makaratasi yangu wiki tatu. Kila nikimpigia ananiambia, "Tulia mzee, kazi hii naijua." Jumatatu ya 22 Agosti akanipa bahasha imefungwa, anwani ameshaiandika juu yake, akaniambia niipeleke kwa kampuni ya vifurushi, nilipie ya haraka, kesho yake itakuwa imefika. Anwani ilikuwa sanduku la posta, Chicago. Nililipa, nikatoka pale mwepesi, nikampigia binti yangu nikamwambia, mama, tayari.

Kesho yake haikufika, wala kesho kutwa. Nikifuatilia namba ya kifurushi naambiwa anwani haipelekeki. Tarehe 31 Agosti nikarudi kazini nikaikuta mlangoni kwangu.

Sisi tuliokulia na S.L.P. hatuwezi kulijua hili mpaka tuambiwe. Nyumbani shule nzima ina sanduku moja, msikiti una sanduku, baba yako mdogo anapokea barua kupitia sanduku la kazini kwake, na kila kitu kinafika. Marekani sanduku la posta ni la Posta ya serikali, USPS, na anayetia barua humo ni mtu wa Posta peke yake. FedEx, UPS na DHL wanataka jengo, mlango na mtu wa kupokea. Ndiyo maana vituo vya kupokelea fomu za USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, vimeandikiwa anwani mbili mbili. Kituo cha Phoenix, ukitumia kampuni ya vifurushi, bahasha inakwenda Tempe. Cha Dallas inakwenda Lewisville. Mtu akiona Lewisville mahali alipozoea kusikia Dallas anadhani ni kosa la uchapaji, anarudi kwenye sanduku. Si kosa. Ni kituo kilekile, ila mlango unategemea nani amebeba bahasha.

Nikamrudia mwenye duka. Hata hakushtuka. Akasema, "Basi ipeleke Posta, sanduku ni hilohilo." Na mimi, ambaye siku hiyo nilikuwa na siku kumi na nne tu mkononi, sikuuliza kama sanduku lenyewe ndilo. Niliona tatizo ni mbebaji, kumbe hata ilikokwenda hapakuwa penyewe. Nikaituma 1 Septemba kwa Posta. Jumatatu ya tarehe 5 ilikuwa sikukuu, ikafika tarehe 6. Nilipoona imeandikwa imefikishwa, siku nane kabla ya siku yake ya kuzaliwa, nilikaa ndani ya gari nikalia kwa shukrani. Nakuambia hivyo ujue nilivyokuwa na uhakika.

Tarehe 14 nilimpigia, nikamwimbia, mama yake akacheka. Hundi ilikuwa bado haijatolewa benki, lakini nikajipa moyo kwamba wana kazi nyingi.

Tarehe 27 Septemba Posta wakaniletea bahasha nene. Nikaifungua jikoni. Ilikuwa fomu yangu yote, picha zangu, nakala ya cheti changu cha uraia, hundi yangu ya dola 535 haijaguswa, na barua juu yake: ombi limekataliwa kwa sababu limetumwa mahali pasipostahili.

Sanduku lile la Chicago lilikuwa la watu walio ndani ya Marekani tayari, wanaotuma I-130 pamoja na I-485, fomu ya kuomba kadi ya kijani hukuhuku. Mwenye duka wateja wake karibu wote ni hao: wameoana hapa, wako hapa, wanafaili vyote kwa pamoja. Anwani moja anaijua kwa kichwa na anamwandikia kila anayeingia. Binti yangu hakuwa hapa, alikuwa Kilifi. I-130 yake ilikuwa inakwenda peke yake, na ya kwenda peke yake ina mahali pengine. Fomu ni ileile, namba ni ileile, ila inatumwa kwingine kulingana na kinachoandamana nayo, jimbo unaloishi, na nani ameibeba.

Sasa nifuate hapa polepole, maana ndipo mtoto wako alipo.

Mtoto wa raia ambaye hajaoa na hajafika miaka 21 anahesabiwa ndugu wa karibu kabisa. Hana foleni ya viza, hana idadi ya mwisho kwa mwaka. Na kuna sheria ya mwaka 2002 ya kumlinda mtoto asizeeke akisubiri: umri wake unasimama siku ile I-130 yake inapopokelewa ipasavyo. Ukifaili akiwa na miaka 20 na siku 360, basi kwa ombi hilo atabaki chini ya 21, hata wakilishughulikia miaka miwili, ili mradi asioe. Lakini ombi lililokataliwa na kurudishwa halibaki na tarehe yoyote. Kile kifurushi changu kilichofika tarehe 6, mbele ya sheria, hakikufika. Ni kama sikuwahi kuandika chochote.

Usiku ule wa 27 nilifungua akaunti ya USCIS mtandaoni, nikajaza mwenyewe, nikapiga picha vyeti kwa simu, nikalipa kwa kadi. Kabla ya kulala nilikuwa na namba ya risiti inayoanza na IOE. Nilimaliza kwa saa tatu hivi. Nilichelewa siku 13.

Siku 13 hizo zimemtoa binti yangu kwenye ndugu wa karibu zikamtia kwenye kundi la F1, watoto wa raia waliopita miaka 21 ambao hawajaolewa. Kundi hilo kwa dunia nzima lina viza 23,400 kwa mwaka, pamoja na chache zinazobaki kwingine. Mwisho wa 2025, jedwali la viza linalotoka kila mwezi lilikuwa linashughulikia maombi ya F1 ya mwaka 2016. Lake ni la Septemba 2022.

Na wala asiolewe. Akiolewa anahamia F3, kundi la watoto wa raia walio kwenye ndoa, ambako mwisho wa 2025 walikuwa kwenye maombi ya 2011. Mwaka juzi watu wa heshima kutoka Malindi walikuja kumposa. Kijana mzuri, familia tunaijua. Mke wangu wa zamani alinipigia akaniuliza, tuwajibu nini? Niambie wewe, baba anamjibu nini mtu kama huyo? Kwamba mwanangu haolewi kwa sababu bahasha ilikwenda Chicago? Na yeye mwenyewe, siku nilipomweleza maana ya miaka 21, aliniuliza swali moja tu: "Kwani baba, sasa mimi kwao si mtoto wako tena?" Sijapata jibu la kumpa mpaka leo.

Mwenye duka nilimfuata. Alinitazama machoni akasema Serikali ndiyo iliyobadilisha anwani. Si kweli. Ukurasa wa fomu ulikuwepo siku zote, bure, umeandikwa kila jimbo na mahali pake. Hakuusoma. Alichukua dola 350 zangu kwa kuniandikia anwani aliyoikariri, na picha bado anazo ukutani. Hapa Marekani anayeruhusiwa kukushauri mambo ya uhamiaji ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Wengine wote wanaruhusiwa kuandika ulichowaambia, basi. Na wale mnaotaka kuniuliza kwa nini sikusoma mwenyewe: nilikuwa na zamu mbili ghalani, Kiingereza cha Serikali kinanitisha, na nilimwamini mtu wa kwetu aliyenisalimia kwa Kiswahili. Wengi wetu humu ndiyo hali yetu, kwa hiyo tusichekane.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: anwani ya kufaili haiombwi kwa mtu. Siyo kwa jamaa, siyo kwa mwenye duka, siyo kwa video, na wala siyo kwangu. Ndiyo maana sikuandikii namba ya sanduku lolote hapa, hata zile ninazozijua, maana mwaka kesho mwingine atausoma uzi huu na kunakili. Anwani inasomwa kwenye ukurasa wa fomu yenyewe, uscis.gov, siku ileile unayotuma. Siyo jana yake.

Wewe lakini huna haja hata ya anwani. Kijana yuko Mombasa, I-130 yake inakwenda peke yake, na ya namna hiyo inafailiwa mtandaoni. Ni dola 625, wakati ya karatasi ni 675. Tarehe ya kupokelewa ni siku hiyohiyo unayobonyeza kutuma, iwe Jumapili, iwe sikukuu. Unahitaji cheti chako cha uraia, cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako kama baba, na kama mama yake mlioana, cheti cha ndoa. Ikiwa karatasi moja haipo bado, usiisubiri. Weka ulizonazo, eleza kwa maandishi kinachokosekana, tuma. Kwa kawaida wakitaka zaidi watakuandikia, na tarehe yako itakuwa imeshashikwa.

Na kosa lako la tatu, ambalo mimi sikuwahi kulifanya kwa sababu enzi zangu lilikuwa halijawa kosa: hiyo hundi. Tangu 28 Oktoba 2025 hawapokei hundi ya kawaida kwenye bahasha. Anayetuma karatasi anaambatisha fomu G-1450 ya kulipia kwa kadi, au G-1650 ya kukatwa kwenye akaunti ya benki ya hapa. Jamaa yako wa 2021 angejuaje? Sina ubaya naye, alitaka kukusaidia. Lakini bahasha yako ya kesho ingegonga sanduku lisilofunguka kwa FedEx, na hata ingefunguka, ingerudi kwa sababu ya hundi, na siku 23 zako zingekuwa zinahesabika barabarani.

Wale wengine mnaofaili kwa karatasi kwa sababu mhusika yuko hapa na mnaunganisha na I-485: angalieni pia tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa wa fomu, isiwe ya zamani, na kurasa zote ziwe za toleo moja. Sahihi iwe ya mkono, kwa kalamu. Jina lililochapwa si sahihi. Na msiende kuibisha hodi ofisi ya uhamiaji ya mjini kwenu na bahasha mkononi, hawaipokei pale.

Sasa zima simu, mwambie mama watoto asikusumbue, kaa na laptopu. Andika majina yote kama yalivyo kwenye vyeti, hata kama wamekosea herufi. Ukifika mwisho usilale ukisema utamalizia asubuhi. Ukishapata risiti, kata hiyo namba uifiche, kisha ubandike hapa chini ile sehemu ya tarehe tu. Mimi zamu yangu inaisha saa nane usiku, nitaingia kuangalia.