Jibu: HSBC ya Singapore na ubabe wa Wakorea

Mkuu, umeuliza yale mashindano ya gofu ya wanawake ya Singapore, yanayodhaminiwa na benki ya HSBC, yalianza lini, na kama kweli Wakorea hubeba kombe kila mwaka.

Yalianza 2008 kwenye viwanja vya Tanah Merah. Bingwa wa kwanza alikuwa Lorena Ochoa wa Mexico, na hakushinda kinyonge: alimwacha Annika Sörenstam wa Sweden kwa mapigo 11 (kwenye gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi)! Mwaka 2013 yakahamia kisiwa cha Sentosa, na huko ndiko Paula Creamer alikotuacha midomo wazi 2014. Alikuwa amefungana na Azahara Muñoz, wakawa kwenye mashimo ya ziada ya kumpata mshindi, akausukuma mpira kama mita 23 ukatumbukia. Itafute video yake.

Kuhusu Wakorea, si kila mwaka, ila hujakosea sana. Kuanzia 2015 hadi 2023 yalichezwa mara nane (2020 korona iliyafuta), wakachukua saba. Aliyewakatisha ni Michelle Wie, 2018, Mmarekani ambaye wazazi wake nao ni Wakorea, hahaha. Ko Jin-young alibeba 2022 na 2023 mfululizo. Mwaka 2024 kombe likaenda Australia kwa Hannah Green.