Ramani yangu ya 1635 ilikuwa ya juzi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia: "Kaka, nimeona ramani ya Afrika ya Blaeu mtandaoni, dola 90, fremu juu. Nichukue?" Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Swali hilo ningemuuliza mtu miaka sita iliyopita, leo ningekuwa na heshima yangu nyumbani kwangu.

Nami nilianza na ramani hiyo ya Blaeu, mchora ramani Mholanzi. Ukiiona huwezi kuipita: juu imepangwa miji tisa, Cairo, Tunis, Msumbiji na mingineyo, pembeni watu wa Afrika wamesimama na mavazi yao, vijisanduku vitano kila upande. Bara lenyewe limejaa tembo na simba, hasa pale mchoraji alipokuwa hajui kitu. Willem Blaeu aliitoa Amsterdam karibu na mwaka 1630, ikaendelea kuchapwa ndani ya atlasi kwa miaka mingi. Yangu niliambiwa ni ya 1635. Nililipa shilingi 640,000, binamu yangu akaibeba kutoka London akiipakata kama mtoto mchanga, nikaitundika sebuleni juu ya televisheni.

Siku ya Idi wageni wakajaa. Nikawaonyesha Melinde, Mombaza na Quiloa, yaani Malindi, Mombasa na Kilwa, nikihubiri jinsi pwani yetu ilivyojulikana wakati ndani wakichora wanyama. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi ya uchapaji zaidi ya miaka thelathini. Akaomba kioo cha kukuzia cha mwanangu, akasogea ukutani, akakaa kimya. Kisha akaniita pembeni, mzee wa watu, ila sauti yake nzito: "Mwanangu, hivi ni vitone. Hii imetoka kwenye mashine ya ofseti, uchapaji wa kisasa."

Nikatazama. Vitone vya buluu, vyekundu na vya njano, vimejipanga kama dagaa kwenye chanja. Shemeji zangu walisikia. Hadi leo kwenye kundi la familia naitwa Mzee wa 1635, na siwezi kusema halichomi.

Basi sikia, wewe unayetamani ukuta kama wa makumbusho (najua unatamani, ndiyo maana uko hapa). Lenzi kwanza. Kwenye ramani halisi mstari ni mstari, haukatiki kuwa vitone. Fundi aliuchonga kinyumenyume kwenye bamba la shaba, wino ukapakwa na kufutwa hadi ukabaki ndani ya mifereji tu, halafu karatasi iliyoloweshwa ikabanwa juu yake na roli nzito. Ndiyo maana ukipitisha kidole taratibu unaweza kuhisi wino umeinuka, na kuzunguka mchoro kuna alama ya ukingo wa bamba lililodidimia. Rangi ilipakwa baadaye kwa brashi, kwa hiyo mara nyingi inavuka mpaka. Kijani cha zamani chenye shaba hula karatasi. Geuza nyuma utaona kahawia.

Na geuza nyuma! Fremu iliyogongwa misumari usiipende. Kurasa za atlasi ya Blaeu kwa kawaida zina maandishi nyuma, Kilatini, Kifaransa au lugha nyingine. Ziko zilizouzwa bila maandishi, kwa hiyo weupe peke yake haumfungi mtu. Ndiyo nasema lenzi.

Miaka iliyofuata haina hadithi, nilikuwa nakosa tu. Mwezi uliopita nikapata: ukurasa wa atlasi ya shule ya Uingereza, umekunjwa katikati, una tundu moja la mdudu. Afrika Magharibi imekatwa na Milima ya Kong, safu ndefu ambayo haikuwahi kuwepo. Mchora ramani Mwingereza James Rennell aliichora mwaka 1798, wachoraji wakanakiliana karibu karne nzima, hadi mpelelezi Mfaransa Binger alipopita huko na kuripoti mwaka 1889 kwamba hakuna mlima. Upande wetu wa ramani hiyo hakuna Kilimanjaro. Mmisionari Mjerumani Rebmann aliuona mlima huo mwaka 1848, nikajipigia makofi kwamba nimeshajua umri wa ramani yangu: ni ya kabla ya hapo. Haraka yangu tena. Mabamba yalitumika miaka na miaka bila kusahihishwa, kwa hiyo mlima usiokuwepo hauthibitishi mwaka. Tazama karatasi. Tazama kwa lenzi.

Vijana wanaonunua ramani ili ifanane na kochi wananiudhi, nisamehewe. Ramani hizi ni kumbukumbu ya nani aliulizwa na nani hakuulizwa. Rebmann huyo na mwenzake Erhardt waliwauliza wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, wakachora ziwa moja kubwa kama konokono asiye na gamba. Mchora ramani Petermann alilichapisha huko Gotha, Ujerumani, mwaka 1856. Wataalamu wakacheka. Lakini maji yalikuwepo: Tanganyika, Nyasa na Viktoria, yameunganishwa kuwa kitu kimoja. Wazee wetu waliyajua hayo maji kabla mpelelezi Mwingereza Burton hajafika Ujiji mwaka 1858.

Yule wa Tanga nimemwomba picha ya nyuma. Muuzaji amemjibu kwamba fremu haifunguki.

Jumapili nilimwita mzee jirani aje aone mpya yangu. Alikuja na lenzi yake mwenyewe safari hii. Akainama juu ya Milima ya Kong hadi chai ikapoa, akajinyoosha, akauliza, "Hii walikuuzia ngapi?"