Muulize Shangazi Mkunga: "Macho ya mtoto yamegeuka manjano"

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Jinja, nina mtoto wa kiume leo ana siku tano, ndo wa kwanza. Nilijifungua usiku kesho yake mchana wakanipa ruhusa nikarudi nyumbani, kila kitu sawa. Siku ya tatu mama mkwe akamfungua nguo akasema huyu ana enkaka, yaani manjano ya watoto wachanga, nikaangalia macho kweli manjano kama mtu amepaka binzari, na sasa imeshuka mpaka tumboni. Mama mkwe anasema nimwanike juani asubuhi na nimwogeshe ekyogero, yale maji ya mitishamba ya kuogeshea watoto, jirani anasema nimpe maji ya glukosi, mume wangu ndo kabisa, amesoma kwa simu ati hii ni homa ya manjano inaletwa na mbu. Mtoto ananyonya lakini analala sana, jana usiku alilala masaa sita bila kuamka nikashukuru Mungu na mimi nikalala. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Siku ile ile nilikupigia simu maana hii haikuwa ya kungoja gazeti litoke, lakini naijibu na hapa kwa sababu barua kama yako napata kila mwezi.

Kilichonishtua mimi sio macho, ni hayo masaa sita uliyomshukuria Mungu. Katoto ka siku tano kanatakiwa kunyonya mara 8 mpaka 12 usiku na mchana, na manjano ikizidi inakapa usingizi, kakilala hakanyonyi, kasiponyonya hakapati choo, na hiyo manjano inatokea kwenye choo! Basi inabaki mwilini inapanda na usingizi unazidi. Ndo maana nilikuambia mkune nyayo, mfungue nguo, mpe ziwa, halafu twende hospitali leo sio kesho.

Sasa enkaka yenyewe. Mtoto anazaliwa na chembe nyekundu za damu nyingi, zinavunjika zinaacha kitu cha manjano kinaitwa bilirubini, na ini lake bado geni kazini linashindwa kuitoa haraka. Watoto zaidi ya nusu wanaipata. Inaonekana siku ya pili au ya tatu, inafika juu kabisa kama siku ya nne ya tano, wiki mbili imekwisha, aliyezaliwa kabla ya wakati mpe wiki tatu. Kwa hiyo mama mkwe aliona vizuri kabisa, alikosea dawa tu. Na baba mtoto umwambie homa ya manjano ni kitu kingine, ni virusi vya mbu, majina tu ndo yanafanana.

Lakini ikionekana siku ile ile ya kuzaliwa, kabla masaa 24 hayajaisha, hiyo hatungoji. Vilevile ikifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto amelegea, anakataa ziwa, analia kwa sauti nyembamba kali, anapinda mgongo, ana homa, hapo tafuta boda usiku huo huo.

Kumwangalia nako kuna namna yake. Usiangalie chini ya balbu wala ndani ya neti ya bluu, mpeleke mlangoni mchana, mbonyeze kwa kidole puani au kwenye paji la uso, achia, tazama ile rangi kabla damu haijarudi. Angalia na ufizi. Ngozi yetu nyeusi inaficha, mimi mwenyewe mkunga wa miaka mingi nimewahi kudanganyika, ndo maana kipimo cha damu kinabaki hakimu.

Jua? Najua hata baadhi ya wauguzi bado wanasema mwanike. Mwanga kweli unabadilisha ile bilirubini itoke kwa choo na mkojo, ndo kazi ya zile taa za bluu hospitali, mtoto analala uchi na nepi, macho yamefunikwa. Lakini jua la Jinja hulipimi, litamchoma au atapoa, na kubwa zaidi mnakaa siku tatu nje mnasema tunamtibu kumbe inapanda. Glukosi inajaza tumbo bure aache ziwa. Ekyogero nayo haitoi manjano, na isimwingie mdomoni tafadhali.

Ulinipigia kutoka wodini ukasema alikaa chini ya taa siku mbili na sasa analilia ziwa mpaka mgonjwa wa jirani analalamika. Alalamike tu.

SWALI: Shangazi, mimi ni baba, niko Arua. Mtoto wetu wa kwanza alipata manjano siku aliyozaliwa, tukaambiwa ni kawaida, tukamwanika juani wiki nzima. Sasa ana miaka 4, hasikii vizuri na alichelewa kukaa. Mke wangu ana mimba ya miezi sita, damu yake O negativu. Naogopa.

JIBU: Pole sana baba. Kwa barua siwezi kusema ndo ilikuwa sababu, ila bilirubini ikipanda mno inaingia kwenye ubongo na masikio ni kati ya vitu inavyoharibu, kwa hiyo huyo mkubwa mpeleke apimwe masikio, miaka 4 bado anaweza kusaidiwa. Na aliyewaambia manjano ya siku ya kwanza ni kawaida aliwakosea, sio nyinyi.

Huyu anayekuja: mwambie mkunga wa kliniki hiyo O negativu yake na yote yaliyompata wa kwanza, leo, msingoje uchungu. Mama wa negativu akizaa mtoto wa pozitivu, damu yake inaweza kujifunza kupigana na damu ya mtoto, na mara nyingi anayeumia ni wa pili na wa tatu. Kuna sindano ya anti-D ya kuzuia hilo, mama anapigwa ndani ya masaa 72 baada ya kuzaa. Kama kinga imeshajitengeneza hiyo sindano haiifuti, ndo maana apimwe mapema. Azalie hospitali yenye taa, na mtoto apimwe damu kabla hamjatoka.

Halafu zile nguo za wa kwanza mlizotunza kwenye sanduku na vidonge vyeupe vya nondo, msimvishe. Kuna watoto damu yao haivumilii vile vidonge, inavunjika, na huku kwetu kwenye malaria watoto hao sio wachache.

SWALI: Mtoto wiki nne, bado manjano, ananyonya vizuri, anaongezeka. Choo chake cheupe kama posho (ugali). Ningoje?

JIBU: Usingoje hata siku. Choo cheupe na mkojo mweusi unaotia doa kwenye nepi ni njia ya nyongo, inaweza kuwa imeziba, na upasuaji wake unataka ufanywe kabla ya miezi miwili. Nenda hospitali kubwa, na ile nepi usiifue, ifunge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, uende nayo daktari aione kwa macho yake.