Nikague simu ya binti yangu, au nimwache?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu likizo iishe haongei nami. Akirudi shule anajifungia chumbani. Nimekuwa nikimkagua simu usiku akilala. Baba yake anasema nimemdekeza, angekuwa na hofu angesema kila kitu. Tukaze au tulegeze? Mama, Morogoro.

JIBU: Nzuri, dada yangu, na pole. Tangu miaka ya 1960 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba mzazi anaweza kuwa na masharti na bado akawa na upendo na masikio. Watoto wa wazazi hao mara nyingi hutulia kuliko wa wakali watupu au wapole watupu. Kwa hiyo saa ya kurudi nyumbani, simu kulala sebuleni, hayo shikilieni, na mwelezeni sababu.

Kinachoumiza ni kuubana moyo wake: kumnunia siku tatu, kumlinganisha na binti wa jirani, kumwambia "utaniua kwa presha". Kijana anayelelewa hivyo huanza kujiona mzigo, na huzuni huingilia hapo.

Kuhusu simu, mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wa vijana 703 wa miaka 14 na wazazi wao huko Uswidi. Wazazi waliojua mengi walijua hasa kwa sababu mtoto alisimulia kwa hiari yake, kuliko kwa kumpeleleza. Hofu anayoitaka mzee itamfundisha binti kufuta meseji tu. Mwambie ulikuwa unamkagua, umwombe radhi. Najua hili linawachoma wazazi wengi, lakini lifanye.

Ukimya wa ghafla huweza kuficha jambo zito, kama kuonewa shuleni au mtu mzima kumgusa vibaya. Akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, mpelekeni hospitali. Akitamka kwamba hataki kuishi, nendeni siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Kwa sasa, usimkalishe kwenye kochi mkitazamana. Mwite mchambue mchele, ungo mmoja, macho yote chini. Akitaja jina la mtu, usiulize ni mtoto wa nani. Toa chuya, itikia "enhe", subiri. Siku ya kwanza pengine atakusimulia kuhusu mwalimu wa hesabu tu. Msikilize habari za huyo mwalimu mpaka mchele uishe.