Kisanduku cha orodha kinaporudisha patupu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Ameweka kisanduku cha orodha kwenye fomu yake ya Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft), mtumiaji anachagua idara tatu, ripoti inatoka tupu na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kabla sijafika mwisho wa barua nilishajua tatizo liko wapi.

Ukiitoa sifa ya Multi Select kwenye None (chaguo moja tu) ukaiweka Simple au Extended (chaguo nyingi), thamani ya kisanduku huwa Null, yaani patupu, hata mtu akichagua mistari yote. Chaguo zake zimo ndani ya ItemsSelected, orodha ya mistari iliyochaguliwa. Andika lupu (msimbo wa kurudia) ipitie mstari mmoja mmoja, ichukue ItemData, yaani thamani, ya kila mmoja, iziunganishe kwa mkato, kisha uzipeleke kwenye kwiri (swali linaloichotea ripoti data) kwa neno IN. Maneno yafunge kwa alama za nukuu, namba ziache hivyo hivyo.

Visanduku hivi navitetea kwa sababu. Kazini kwangu zamani, mkubwa mmoja alisema mbele ya wenzangu kwamba ni mapambo tu, watu waandike wenyewe. Maneno yale bado yananiuma. Nilifungua jedwali nikamwonyesha: "Uhasibu", "Uhasbu", "Idara ya Uhasibu", na "Uhasibu" nyingine iliyotanguliwa na nafasi. Ripoti ilihesabu idara nne pale palipo na moja! Hakunijibu. Nikatengeneza fomu yangu, na ndiyo iliyokuja kutumika na ofisi nzima. Najivunia kazi ile.

Kwa hiyo ndugu yangu, usimwachie mtu kuandika kile anachoweza kuchagua. Orodha itoke kwenye jedwali, usiichape kwa mkono ndani ya fomu. Hifadhi namba ya utambulisho, na safu yake uifiche kwa kuipa upana wa 0 ili mtumiaji aone jina peke yake. Hapa wengi hujikwaa: Bound Column (sifa inayotaja safu ya kuhifadhiwa) huhesabu safu kuanzia 1, lakini Column kwenye msimbo huanzia 0. Orodha ikiwa ndefu mno, tumia kisanduku kunjuzi. Anayejaza fomu kutwa nzima ana haki ya kupumzisha macho.

Na jina jipya likiongezwa kwenye jedwali wakati fomu iko wazi, ita Requery (amri ya kuisoma orodha upya), la sivyo mtumiaji ataendelea kuona orodha ya zamani.